Foleni ya Mama Mkwe wa Spana

Betri za redio ya Masatu zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, zikapata nguvu ya kusema habari moja tu: dawa za zahanati bado ziko njiani, wananchi waendelee kuvumilia. Kisha redio ikakata.

"Miezi mitatu ziko njiani," alisema Masatu, ambaye kwa udogo wa mwili kijiwe kizima kilimwita Furu, kama yule samaki mdogo wa ziwani. "Zinatembea kwa miguu?"

"Zilishafika zamani," akajibu Stanislausi. Huyu ndiye Gazeti. Hakuna asilolijua, na hakuna alilowahi kulithibitisha. "Zimetolewa mlango wa nyuma. Siku hizi kitu cha maana kinapitiaga huko. Sukari, sabuni, khanga, vyote mlango wa nyuma. Cha mlango wa mbele ni salamu tu."

Thadeo, au Spana, fundi baiskeli wa hapo Nyakato na mwenye benchi walilokalia, hakucheka. Tumbo lilikuwa linamsokota siku ya nne. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa nyumbani kwake, hatua hamsini kutoka hapo. Mama mkwe wake, Bhoke, alikuja juzi kutoka Butiama na madebe matatu ya dawa ya mizizi, ya tumbo na kikohozi, aigawe bure kwa watu ambao zahanati yao imebakiwa na mizani peke yake. Hajatokea hata mtu mmoja. Asubuhi hiyo mkewe, Dorotea, alikuwa amefunga nguo zake kwenye furushi.

"Mama akirudi na madebe yamejaa," alimwambia mumewe, "wataniuliza nimeolewa na watu wa namna gani. Basi namsindikiza. Siku ya kurudi siijui."

"Jamani, nendeni mkachukue dawa," Spana akasema.

"Ya bure?" Gazeti akaruka. "Mchana kweupe, mlango wa mbele, bila kujuana na mtu? Hiyo haina kitu, ndugu yangu. Ingekuwa nzuri ungeshasikia imeisha."

"Mimi nakohoaga sana," Furu akasema, "ila sitaki kuwa wa kwanza. Wewe Spana mbona hujanywa? Kutwa unakimbilia chooni."

"Yule ni mkwe wangu, bwana! Nisimame mbele yake nimweleze habari za tumbo langu?"

Hilo lilikuwa kweli.

Spana akatazama ng'ambo, kwenye duka la ushirika. Lilikuwa limefungwa tangu wiki iliyopita, lakini mbele yake ulinyooka mstari wa mawe, makopo na kandambili moja iliyokatika. Kila kimoja kilimshikia mtu nafasi. Kitakacholetwa hakuna aliyekijua.

Akainuka ghafla.

"Unaenda wapi?"

Waliona anaokota mawe, anayapanga kutoka mlangoni kwake kuja barabarani, hadi karibu na kijiwe. Kumi na manne. Akaongeza kopo la mafuta. Mbele kabisa akaweka pedeli yenye grisi. Kisha akarudi kukaa.

"Spana, unajenga?"

"Kaa kimya, Furu."

Mama mmoja mwenye kikapu akapita, akasimama, akarudi nyuma. Akavua kandambili moja, akaiweka mwishoni mwa mstari.

"Baba, foleni ya nini hii?"

"Hatujui, mama," Spana akasema. "Ila wanasema haitoshi."

Haikupita saa, foleni ilikuwa imekunja kona. Wanaume wawili waligombana kwa ajili ya tofali. Mawe yasiyo na wenyewe yakarukwa, watu wakasogea. Gazeti alijikaza, akajikaza, mwisho akabeba jiwe lake akaondoka bila kuaga. Alirudi na chupa mbili.

"Kumbe ni dawa ya mkwe wako!"

"Na umechukua?"

"Sasa nipoteze foleni yote ile? Nimesema ninao mapacha."

Furu akacheka mpaka akakohoa, naye akaondoka mbio na kopo.

Jua lilipoanza kulala Dorotea akaja kijiweni, pedeli mkononi.

"Madebe yote matatu yameisha. Mama anauliza, mwenye pedeli hii ni nani? Imekaa ya kwanza kutwa, mwenyewe haonekani."

Spana akainamisha kichwa. "Mwambie ilisahauliwa tu. Na furushi?"

"Nimelifungua. Mama anakwenda kuchimba nyingine, Jumamosi yupo hapa." Akatoa chupa chini ya khanga, imezibwa kwa gunzi. "Anasema tangu alipofika anasikia mlango wa choo unavyogongwa. Yako aliiweka kando siku ileile, nikupitishie jikoni, usione haya."

Spana akapiga funda moja. Uso ukajikunja kama tambara la grisi.

Gazeti akasimama juu ya benchi.

"Mmesikia wenyewe! Jikoni! Si niliwaambia? Mlango wa nyuma!"