Jinsi Bi Sindano Alivyoiteka Pembe ya Meza

Tegeni masikio, enyi walaji wa kale na wa leo, nawe uliyeegemea ukuta na kijiti cha meno kinywani, tulia. Hapa hayasimuliwi ya wafalme waliovuka majangwa wakiangusha miji, kwani hao kazi yao ilikuwa nyepesi. Yanasimuliwa ya Bi Sindano, mshonaji wa nguo, malkia wa cherehani, mwenye vidole visivyojua kutetemeka, aliyeapa kuila karamu yake mwenyewe ya sikukuu ingali moto, naye amekaa kitako.

Msicheke. Tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi, hakupata kutenda tendo hilo. Kila sikukuu jeshi la ndugu na marafiki lilishuka mlangoni na njaa iliyotunzwa tangu asubuhi, na kila shujaa akatamka neno la huruma: "Usijisumbue, leo upumzike." Kisha kila aliyemtaka apumzike akamtuma. Huyu maji, yule kijiko, mwingine pilipili. Wahenga walinena mgeni njoo mwenyeji apone. Wahenga hao, bila shaka, walikuwa wageni. Mwenyeji alikula mwisho, jikoni, wima, wali uliopoa na shingo ya kuku. Na jambo hilo lilimuuma.

Basi mkesha wa sikukuu jemadari wetu akaisukuma meza hata zinapokutana kuta mbili, akalibana benchi refu kati ya meza na ukuta. Mumewe, dereva wa lori, bingwa wa barabara zote isipokuwa ile iendayo jikoni, akastaajabu.

"Mama, mbona meza imehamia pembeni?"

"Cherehani inataka mwanga wa dirisha."

Naye akaamini, kama ilivyo ada ya waume walioshiba.

Siku ikawadia. Vyakula vilipokwisha kutandazwa, Bi Sindano akapenya benchini hata ndani kabisa pembeni, kisha akamshika mkono mama mkwe, ajuza ambaye magoti yake yalisifika ukoo mzima kwa maumivu, akamketisha kando yake kwa heshima zote. Ngome ikatimia. Ili mwenyeji atoke, sharti bibi yule ainuke. Na nani amezaliwa wa kumwinua mkongwe kwa ajili ya kijiko?

Wa kwanza kushambulia alikuwa kinyozi, rafiki wa mume. "Shemeji, naomba chumvi kidogo tu."

"Na maji ya kunywa basi, wifi, ukiinuka," akadakia dada wa mume.

Bi Sindano akanena kwa sauti iliyotulia: "Enyi wa nyumba hii na marafiki zake! Chumvi mnayoitaka haikufa wala haikuhama. Ningewaletea mbio, ila sina njia mpaka mama asimame. Anayeweza kumwambia mama asimame, na amwambie."

Macho yote yakamgeukia ajuza. Kinyozi, ambaye kila siku hupitisha wembe kwenye koo za watu bila woga, akainamia sahani yake.

"Magoti yangu leo hayasikii la mtu," akasema mama mkwe, akajiongezea paja la kuku.

Ndipo mume akainuka. Akavuka kizingiti, akaingia nchi ya ugenini, na masufuria yakasikika yakianguka.

"Chumvi iko wapi?"

"Kabatini."

"Kabati lipi?"

"Liko moja tu, baba."

Akarudi ameinua kopo la chumvi, na meza nzima ikampongeza kwa sifa ambazo mkewe hakupata kuzisikia hata siku moja. Maji, bila shaka, alikuwa ameyasahau, hivyo dada yake akayafuata mwenyewe.

Bi Sindano hakujali. Alikuwa amefunua sahani yake, na mvuke ulimpiga usoni. Mama mkwe akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, hila hii ulikuwa nayo wapi? Mimi nimezeekea kwenye ukoko." Akatafuna kidogo. "Na magoti yenyewe leo hata hayaumi."

Basi na ikumbukwe na vizazi, nanyi mkawahadithie wajukuu, kwamba mshonaji yule alitia tonge kinywani akiwa amekaa, mbele ya watu wote, likamuunguza ulimi hata machozi yakamtoka. Akatia la pili.