Dakika Arobaini kwa Mwokaji Mikate

Jumatatu, 6 Julai

Amri imetoka. Kila mwenye simu aweke ile programu ya ugonjwa. Ukikaa karibu na mtu zaidi ya robo saa, inaandika. Mmoja wenu akiugua, mhudumu wa afya anakuja mlangoni na orodha. Mtaani wameshaipa jina: Mama Mkwe. Haisemi kitu, ila imeona.

Sina ubaya nayo. Ugonjwa ni ugonjwa, na Mungu ametupa akili tuitumie. Tabu ni kwamba mhudumu wetu ni yule mama tunayemwita Tangazo, na Tangazo ni rafiki wa dada yangu, wanasali safu moja. Na mimi kila alasiri, nikiinuka kwenye cherehani, hukaa kwenye benchi la mwokaji mikate. Dakika ishirini. Siku ya baraka, ishirini na tano.

Yeye mjane, mimi mgane. Sijamwambia neno. Nanunua mkate, nakaa, unga unaelea kwenye mwanga wa dirisha, naona kama niko ndani ya wingu na kuna mtu humo ananipikia. Dada amenitunzia nyumba tangu mke wangu afariki, miaka sita sasa. Nataka asikie kwangu, tena nikiwa na jibu mkononi. Asisikie kwa Tangazo.

Jumanne, 7 Julai

Hila ya kwanza: simu nimeiacha kitandani, chini ya mto. Rahisi kama kunywa maji.

Nimekaa benchini, nimefumba macho, harufu ya mkate ikanibeba mbali kabisa. Nafumbua macho: dada kasimama mbele yangu, barakoa imempanda hadi kwenye kope, simu mkononi. Imeita, akadhani ni mteja, akakimbia nayo mitaa mitatu. Akauliza nafanya nini hapa. Nikasema nimefuata vifungo.

Vifungo! Mwokaji akageukia tanuri. Mabega yakawa yanamtikisika. Ee Mola, nisamehe kwa vile vifungo.

Jumatano, 8 Julai

Hila ya pili, ya kifundi. Koti la kinyozi lilikuwa tayari, liko kwenye sanamu ya kupimia nguo. Koti zito la baridi, bitana nene. Nikafumua bitana kifuani, nikatia simu, sauti nimeizima, nikafunga kwa mishono sita ya mkono. Mama Mkwe aone nimeshinda peke yangu.

Nikaenda, mwepesi kama karatasi. Siku hizi mitaa mitupu, unasikia hadi viatu vyako vinavyowaza. Mwokaji alikuwa anakanda. Nilitaka kumwambia. Maneno yalijipanga vizuri, yakafika kooni, yakatoka ni habari za uzi, kwamba mweupe umeadimika. Akasema pole. Alivyoisema hiyo pole! Nimetembea nayo hadi nyumbani, nimeishika kama yai.

Nyumbani sanamu iko uchi. Dada ana furaha: kinyozi alipita, naye dada akamkabidhi koti lake, ameniokolea safari.

Alhamisi, 9 Julai

Kinyozi naye hana mke. Na naye anapenda mkate.

Nimemkuta mlangoni pa duka lake, kavaa koti katika jua kali. Nikamwomba alirudishe, kuna mshono unanikera. Hataki. Akajipiga kifuani, akasema tangu azaliwe hajavaa koti lenye uzito wa maana namna hii, anajisikia mwenye cheo. Nikasema ni kitambaa. Akaniaga, ana mahali pa kupeleka maneno. Akashika njia ya kwa mwokaji.

Nikasimama kona. Hakukaa benchini, aliingia ndani. Mimi sijawahi kuvuka kile kizingiti. Simu yangu imevuka. Nikatazama moshi wa tanuri ukipanda, mpaka ukaniwia mtu aliyekaa amekunja miguu, anakunywa chai kwa raha zake.

Jumamosi, 11 Julai

Mwokaji ameugua. Si sana, anakohoa lakini anakula. Hata hivyo moyo umenianguka kama pasi.

Tangazo alikuja kabla ya chai. Akasoma orodha kwa sauti ile ya kusomea habari za msiba: nimekaa na mwokaji, Alhamisi, karibu kabisa, dakika arobaini. Dada akakaa chini polepole. Kinyozi hayumo. Simu yake ilikuwa dukani, inachajiwa.

Ningeweza kunyamaza. Ningebaki na dakika arobaini tamu ambazo sikuzikaa. Nikaingia chumba cha kushonea, nikasali. Sala ikakataa kupanda. Maana kinyozi anashika mashavu ya watu kutwa! Nikatoka, nikasema yote: koti, mishono sita, benchi, mpaka vifungo. Tangazo akasahau kuandika.

Kinyozi amefungiwa, mimi nimefungiwa, siku kumi na nne. Simu imerudi ndani ya mfuko wa plastiki, inanuka dawa.

Nikangoja dada agombe.

"Mdogo wangu, humu tuko wawili," akasema. "Unaleta mikate mitatu kila siku. Ulidhani mimi nawaza nini?"

Kumbe miaka miwili anataka kwenda kuishi na binti yake. Alikuwa anangoja wa kumkabidhi mimi.

Jumanne, 14 Julai

Mwokaji amepiga simu. Sauti ya mafua, laini, kama imefunikwa taulo. Tangazo amemsimulia kila kitu, hakuacha hata uzi. Akasema kinyozi alimweleza haja yake siku ile, na yeye hajampa jibu. Kisha akakohoa kidogo.

"Fundi, simu yako imekaa kwangu dakika arobaini. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa kona.

Nikasikia saa yake ya ukutani. Akasema nikifunguliwa nije mwenyewe, kwa miguu yangu, niseme ninalotaka kusema. Mlango utakuwa wazi. Ila nisikawie, kwa sababu mtu mwingine anangoja jibu.

Leo nimekata mikono mitatu ya shati moja. Sina hata uchungu.

Jumamosi, 25 Julai

Tumefunguliwa, na yeye amepona, Mungu asifiwe. Nimeoga mara mbili, nimevaa shati la ibada. Nimefika hadi kona.

Tangazo yuko kwenye benchi. Anakula mkate, anaongea.

Nikarudi. Nimemwambia dada mlango ulikuwa umefungwa. Mungu aliona ulikuwa wazi. Nilimwona mwokaji amesimama pale, anapangusa unga mikononi, anatazama barabara kama mtu anayesubiri mvua na hajui itatokea upande gani.

Jumapili, 26 Julai

Dada ameuliza namficha nani tena, ikiwa hata muuza mkaa ananipa hongera. Niende leo, leo hii, kabla unga haujapoa mikononi mwa mwenzangu. Nikakubali kabisa. Nimejifunza, nikamwambia. Nikavaa viatu.

Ndipo akaingia kinyozi, amenisamehe nusu, ana suruali ya kupunguzwa. Anaitaka kesho asubuhi. Anaivaa kwenda kwa mwokaji kuchukua jibu lake.

Nikavua viatu.

Nimeandika barua, kurasa mbili, kila neno liko mahali pake, si kama mdomoni. Nimeikunja, nimeitia kwenye mfuko wa nyuma wa ile suruali, kwa ndani, nikafunga kwa mshono mmoja dhaifu. Akikaa tu, unakatika, barua inaanguka miguuni pa mwokaji. Kinyozi mwenyewe anakuwa tarishi wangu!

Na simu yangu nimeiweka humohumo, ili akishaisoma anipigie papo hapo.