Baba Yangu au Mkwe Wangu

Kwa Meneja wa kiwanda cha sabuni, ambaye pia ni baba yangu,

Shikamoo baba, ingawa nakuzidi miaka kumi na miwili.

Mimi ni yule mfagiaji wa ghorofa zote tatu. Jumatatu ulitukusanya ukasema kwamba matabaka ni maneno ya wachochezi, kwamba kiwandani hapa hakuna wa juu wala wa chini, sisi ni familia moja na wewe ndiwe baba. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Ila tangu siku hiyo kuna mambo hayajakaa sawa.

1. Jumanne niliingia choo cha ghorofa ya tatu, kile chenye kioo. Mlinzi akanitimua. Jamani, mtoto anafukuzwa chooni kwa baba yake?

2. Lifti imeandikwa ni ya wakubwa tu. Nina miaka hamsini na minane. Katika watoto wako wote ndimi mkubwa. Mbona bado napanda ngazi na ndoo mbili?

3. Hili ndilo linaloniumiza. Kijana wako wa kumzaa alileta posa kwa binti yangu, hata viti tukaazima, wewe ukaivunja eti hatulingani. Binti hali, hanywi, kulia tu. Nilikukasirikia sana, niwie radhi, mpaka nilipokaa nikafikiri: matabaka hayapo, basi kutolingana hakuwezi kuwa sababu. Sababu ni kwamba wewe ni baba yangu, kijana wako ni mdogo wangu, na kwa binti yangu ni baba mdogo. Toba! Umetuepusha na aibu.

Lakini wale watoto wanapendana kweli, baba. Kwa hiyo naomba uchague. Ukibaki baba yangu, niandikie urithi wa mtoto wa kwanza, tuanze na lifti. Ukiona ni mzigo, simama mbele ya wote utangaze kwamba mimi si lolote kwako, kwamba matabaka yapo na langu ni la chini kabisa, ili harusi iendelee. Kukanwa nitavumilia. Kumwona binti yangu anakonda, siwezi.

Msalimie mkeo, ambaye naona haya kumwita mama kwa kuwa alisoma darasa moja na mdogo wangu wa mwisho. Wasalimie na wa ofisini wote, hata mlinzi.

Mwanao mtiifu,
Mfagiaji

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mfagia uwanja amekuja kumposea mwanawe binti yangu wa pili. Nimemrudisha na posa yake. Mimi nafagia ndani, yeye anafagia nje. Wapi na wapi!