Fimbo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Habari njema! Fimbo ya baba mkwe, mzee Nchagwa, imevunjika. Jumamosi anachagua mkwe wa kumsemea kwenye mazungumzo ya mahari ya Regina, binti yake wa mwisho. Ni mimi au Kornelio, mume wa shemeji yangu Agness. Kornelio! Mtu anayekohoa kabla ya kila neno! Nitampelekea mzee fimbo niliyoichonga mwenyewe. Atakosaje kunichagua? Nimekata mzeituni pori kule bondeni, umenyooka, una fundo zuri la kushikia. Mke wangu Sarah anasema mti mbichi huachwa na gome lake, kivulini, miezi miwili. Miezi miwili! Regina atakuwa ameshaolewa.

Jumanne, 5 Agosti
Gome nimemenya lote. Fimbo nimeitundika jikoni, juu ya mafiga. Moto mkali. Mimi ni fundi jamani.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Mama mkwe amekuja kumwona mjukuu. Amekaa jikoni, palepale chini ya fimbo. Kwetu mkwe haingii alipo mama mkwe, wala hamtazami. Nimeshinda nyuma ya ghala kama mwizi. Nikamtuma Sarah, akarudi mikono mitupu. Eti mama ameipenda. Eti mkwe mwenye heshima hampi mama mkwe zawadi mkononi, humtundikia aione. Amelia kwa furaha. Sarah akasema nikitaka fimbo yangu niingie nikaidai mwenyewe. Anajua siwezi!

Alhamisi, 7 Agosti
Ameondoka nayo, anaringa. Imeniuma sana. Lakini subiri: si atanisifia kwa mzee? Bora zaidi!

Jumamosi, 9 Agosti
Nusu ya kijiji chetu cha Gorong'a ilikuwa uani kwa mzee. Mama mkwe akatokea na fimbo. Paa! Ikapasuka kutoka kwenye fundo hadi chini, naye chini. Mimi na Kornelio ndio tuliokuwa karibu. Tumshike mama mkwe? Tukatimua mbio, kila mtu na njia yake. Hakuumia, Mungu ni mwema. Mzee akauliza nani kaitengeneza. Watu wote wakageukia kichaka nilimojificha. Kornelio amechaguliwa. Aibu niliyoipata!

Jumapili, 10 Agosti
Nimesali, nimetafakari, kosa nimeliona. Moto ulikuwa mdogo. Leo nimekata mzeituni mwingine, mbichi kabisa, na gome nimeshamenya. Kesho jirani yangu Magige anachoma tanuri la matofali. Nitaulaza juu yake, na Jumanne mzee anayo fimbo. Nimekata na wa mama mkwe.