Nyuzi za Kasokola

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Balaa! Bwana Maximilian, mkuu wetu wa ofisi ya nyuki, ametangaza kwamba karani mmoja atapelekwa kambi ya msituni miezi mitatu. Mwingine atabaki mezani. Makarani tuko wawili tu, mimi na Eustace. Ijumaa tutapimwa kwenye njia ya kijiji cha Kasokola: kutaja kila mti wenye maua na kila mdudu aliyetua juu yake. Atakayeshindwa ndiye wa msituni, akajifunze. Msituni kuna simba. Kuna nyuki pia, nami hata nikilipiga chapa jina lao hufunga dirisha kwanza. Eustace ameniuliza kama nina viatu vya kukimbilia. Mshenzi!

Jumanne, 5 Novemba
Mkuu ametupitisha njia ile mara moja, tutazame. Mninga una maua ya njano. Mti wa mtundu, madogo meupe. Muyombo nao meupe. Ole wangu! Kipepeo akitua hukunja mbawa juu, nondo huzitandaza. Buibui si mdudu, ana miguu minane. Niliihesabu kwa mbali. Eustace kazi yake "naam mzee, naam mzee". Mimi niulizeni mito ya Urusi. Miti kwangu yote ni kijani.

Jumatano, 6 Novemba
Nimepata! Nimenunua nyuzi dukani. Jioni nikarudi Kasokola kabla sijasahau. Uzi mwekundu kwenye kila mninga, wa bluu kwenye kila mtundu, mweupe kwenye kila muyombo. Ijumaa nitatazama uzi, nitataja jina. Akili hiyo! Watu walisimama kunitazama. Mama mmoja, Pelagia, akaniuliza, "Bwana mkubwa, hizi za nini?" Nikaogopa kusema kweli. Nikajibu ni kazi ya serikali. Akanishukuru mno, akaondoka mbio. Watu wema sana wa huku.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemshauri Eustace aanze kufunga mizigo. Amecheka. Mimi nimecheka zaidi. Nasikia Kasokola leo kuna pilikapilika tangu alfajiri. Bila shaka ni hii habari ya kuhamia vijiji vipya. Hainihusu.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimekwisha! Uzi wa kwanza, mwekundu. Nikapaza sauti: mninga! Mkuu akaniuliza kwa upole, mninga ulianza lini kuzaa maembe. Uzi wa pili, mwekundu tena, ulikuwa kwenye mlango wa choo. Nikaupita haraka. Wa tatu, wa bluu, ulikuwa kwenye pembe ya ng'ombe wa Mabula, mfugaji mmoja Msukuma. Nikasema mtundu, kwa mazoea.

Ndipo Mama Pelagia akaja na vigelegele, akiniita mgawa viwanja. Kumbe kijiji kizima kilikwisha kubaliana: uzi mwekundu ni nyumba, wa bluu ni zizi, mweupe ni shamba! Kila mtu alifungua uzi mtini akauhamishia anapopapenda. Mama Pelagia aliuweka wake karibu na kisima. Mabula hakuweza kuamua, akasema ng'ombe atakapolala ndipo kwake. Eustace alicheka mpaka akakaa chini, juu ya siafu. Akawataja kwa sauti, kwa usahihi. Akapewa alama!

Mkuu aliwaeleza ukweli huku akifuta machozi ya kicheko. Hakuna aliyekasirika. Mwenyekiti wa kijiji alisema mpango huu ni mzuri kuliko ramani iliyoletwa, ataupeleka wilayani hivyo hivyo. Mama Pelagia akanipa jogoo. "Pole mwanangu, sisi tumeshafurahi." Lakini hukumu ni ile ile. Msituni.

Jumanne, 12 Novemba
Kambini. Mkuu ameagiza nichore kila mdudu na ua analolipenda. Wenzangu wameingia porini. Mimi siwezi kutoka hemani, asubuhi kuna kitu kimekohoa majanini. Basi nimetumia elimu. Nimechuma maua yaliyo karibu, nimeyatia kwenye sufuria hapa mlangoni, nikayamwagia sukari yote ya kambi niliyoikoroga na maji. Wadudu watakuja wenyewe, nitawachora nimekaa. Aliyesoma hatangatangi! Nyuki wa kwanza amekwisha fika. Mpole kabisa. Ameonja, amenizunguka kichwa, kisha akaruka mbio kuelekea mizinga ya kambi, bila shaka kuwaita wenzake. Mpango wangu haujawahi kwenda vizuri namna hii. Nachonga penseli.