Neno "Halali" Liondolewe Kwenye Noti

Gongoni, Tabora
Mei 1971

Kwa Ndugu Shaban,
Mtumishi wa Benki,
Dar es Salaam.

Mpwa wangu Shaban,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, maana najua kazi za Benki ni nyingi na wino nao ni ghali. Marahaba. Mama yako Tufaha hajambo, anakula vizuri, na bado anadai kwamba akili zako umezitoa kwa baba yako. Nimemwacha na imani yake.

Yah: KUONDOLEWA KWA NENO LA DINI KATIKA FEDHA ZA TAIFA

Nakuandikia wewe badala ya gazeti kwa sababu gazetini nilishawaandikia habari ya simba niliyemtoa kwenye behewa pale stesheni ya Tura, hawakuichapa. Wewe ni damu yangu, tena uko ndani kabisa. Hapa barazani kwa muuza kahawa kila mtu anajua kwamba mpwa wa Humaidi yuko Benki, na kwamba noti haitoki nje bila yeye kuiona. Uliniambia kazi yako ni kufungua na kufunga mlango mkubwa. Nimewaeleza hivyo hivyo, ila kwa maneno ya kiofisi.

Shida yangu kwa ufupi ni hii. Tangu mkazamjomba wako Zeyana alipoliona neno HALALI limeandikwa kwenye noti, mfuko wangu umekauka. Sina ya kuwanunulia wenzangu kahawa, na mtu asiyenunua kahawa hapa Tabora hasikilizwi, hata awe ameyaona mambo niliyoyaona mimi. Naomba neno hilo liondolewe. Sababu zangu nazipanga kwa namba, kama nilivyofundishwa shuleni kabla shule haijaniishia.

1. Serikali haina dini. Haya si maneno yangu. Tuliambiwa mkutanoni, na mimi nilikaa mbele kabisa, karibu na kipaza sauti, mpaka mate ya mgeni yakanifikia. Wenye dini ni sisi watu. Sasa kama Serikali haina dini, hili neno halali imelitoa wapi? Halali na haramu ni maneno tuliyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, kwa fimbo. Jirani yangu Justus, fundi wa reli na Mmoraviani wa kuimba kwaya, ameniuliza kwa upole kwa nini sisi Waislamu tumepewa noti nzima na wao hawana hata senti. Nikamuuliza yeye angetaka nini. Yeye anataka noti ya shilingi ishirini iandikwe Haleluya. Mkewe Flavia, aliyezaliwa Mkatoliki na hajasahau, anataka Amina kwenye ile ya mia, kwa sababu baada ya mia hakuna noti nyingine. Mganga Masolwa naye amesikia, anaomba nafasi ndogo kwa nyuma. Tukienda hivi noti itakuwa kubwa kama mkeka, na tutarudi kuajiri wapagazi wa kubeba mshahara wa karani mmoja.

2. Na kwa kuwa nimewataja wapagazi, sikiliza. Babu yangu Darwesh, ambaye ndiye babu wa mama yako, alitembea njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo na pembe la ndovu begani. Akichoka hakulitua. Alisimama kwa mguu mmoja ili mwingine upumzike, kisha akabadilisha. Siku zile hela ilikuwa shanga, nyaya za shaba na kitambaa cha merikani kilichopimwa kwa mkono. Hakuna ushanga uliokuwa na neno. Ukitaka kujua kama ushanga ni wa halali ulimtazama aliyeushika, hukuutazama ushanga. Ikaja reale yenye picha ya mama wa Kizungu, kifua nusu wazi, na wazee wetu wacha Mungu waliipokea bila kufumba macho. Ikaja rupia ya Mjerumani. Vita vilipombana Mjerumani huyo akapiga sarafu za dhahabu hapa hapa Tabora, zenye tembo. Tembo yule, baba yangu ndiye aliyemshika mkonga asitikisike wakati anachorwa, na ndiyo maana mkonga umeinuliwa juu: baba alikuwa mrefu. Hela zote hizo zilinunua chumvi na zikanunua ng'ombe. Hakuna hata moja iliyojisifia kuwa halali.

3. Neno hili limeanza kuwaharibia watu kazi. Lugembe wa mtaa wa Ng'ambo aliuza mbuzi asiye wake. Alipoitwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi hakukana. Alitoa noti, akaiweka mezani, akamwomba mjumbe aisome kwa sauti. Mjumbe akasoma. Lugembe akauliza, kama pesa ya mbuzi ni halali, mbuzi mwenyewe atakuwaje wa wizi? Mjumbe akaahirisha kesi ili akafikiri, na mpaka leo mwenye mbuzi anaisalimia kamba.

4. Sasa tuingie nyumbani, maana hapa ndipo palipouma.

Biashara yangu unaijua. Warina asali wa misitu ya Tura wananiletea asali kwa treni, mimi nauza. Nyingine inakwenda kwa walaji. Nyingine namuuzia Paskazia wa Ng'ambo, anaipikia pombe, ile wanzuki ambayo hata harufu yake inacheza ngoma. Tangu siku nilipomwoa, Zeyana aliweka sheria: pesa ya Paskazia isikiguse chungu chake. Ya walaji iende jikoni. Ya Paskazia ni haramu, nijue mwenyewe pa kuipeleka. Nikakubali kuubeba mzigo huo peke yangu kwa ajili ya familia. Kila jioni niliupeleka barazani, nikawanunulia wazee kahawa na kashata, nikawasimulia. Waliponiuliza kama kahawa ya pesa hiyo inanyweka, niliwajibu kwamba kahawa ni chungu, inaunguza yote. Miaka yote hiyo mimi nimehangaika na haramu huko nje ili nyumba yangu ile halali. Nani mwingine katika ukoo wetu amejitolea hivyo?

Kikaja kisomo cha watu wazima. Mimi sikipingi, na ningehudhuria mwenyewe kama si kuogopa kumwaibisha mwalimu. Mwalimu Eustadia akawaambia wanafunzi kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu chochote chenye maandishi. Mmoja akapeleka boksi la sabuni, mwingine mfuko wa mbolea. Zeyana akaingiza mkono kwenye koti langu lililotundikwa msumarini, akatoa noti ya Paskazia, bado inanukia asali. Akaisoma mbele ya darasa zima, ha, la, li, wakampigia makofi. Akarudi nyumbani taratibu, kanga imekaa sawasawa, akanikuta nasuka kamba. Akasema: "Mume wangu, Serikali imeiandika halali. Wewe nani uiite haramu? Lete."

Nikaleta.

Baadaye nilijaribu kumweleza kwamba hii ni halali ya kiserikali, si ile ya chuoni, na kwamba noti yenyewe inasema halali kwa malipo. Hapo ndipo nilipokosea. Akairudia kuisoma, akatulia kwenye hayo maneno mawili ya mwisho, akasema basi ni wazi kabisa: ikitoka kulipia unga na mafuta ya taa, ndiyo halali, ikikaa mfukoni mwangu haikuandikwa chochote. Tangu siku hiyo koti langu halitundikwi msumarini tena, na wala kulificha hakuna faida, kwa sababu halina kitu.

5. Nilitafuta dawa. Sarafu hazina neno lile, kwa hiyo nikamwomba Paskazia anilipe kwa sarafu tupu. Nikarudi nyumbani mfuko unalia kama njuga. Zeyana akazimwaga kitandani, akaziangalia moja moja. Senti tano ina samaki: samaki halali. Senti ishirini ina mbuni: mbuni halali. Senti hamsini ina sungura. Hapo nikapata matumaini, nikamwambia kuna watu wana shaka na sungura. Akatuma mtu kwa sheikh. Jibu likaja kabla sijamaliza kunawa: sungura halali. Nikamwonyesha shilingi, yenye mwenge, nikamuuliza moto nao unaliwa? Akaniuliza hao wengine watapikwa na nini. Shaban, mimi nimeshindana kwa maneno na madalali wa Nzega mpaka wakaniongezea bei niondoke. Nikazikusanya sarafu, nikamkabidhi.

6. Sababu ya sita nilikuwa nayo nikitoka msikitini, imeniponyoka njiani. Waambie ilikuwa nzito kuliko zote.

Matokeo yake, baraza limehama. Siku hizi anayenunua kahawa ni Salmini, mwenye duka la nguo, naye husimulia mambo yaliyotokea kweli, tena kwa kuyafupisha. Watu wanatafuna kashata zake na kutazama barabara. Mimi nakaa pembeni na kikombe cha kukopa, na kila nikifungua kinywa mtu anakohoa. Nikaona hapana. Nikatangaza kwamba mpwa wangu wa Benki ataliondoa neno hilo. Salmini akasema mbele za watu: "Mpwa wako anafungua milango, Humaidi. Noti hafungui." Nikamjibu kwamba anayefungua mlango ndiye anayejua nani yuko ndani. Wakarudi kwenye kashata zake.

Kwa hiyo, Ndugu Mtumishi wa Benki, hapa sisemi tena kama mjomba, nasema kama raia. Mkubwa wako akija asubuhi usimfungulie haraka. Shika kitasa, msalimie, muulize habari za nyumbani, umpe barua hii. Neno halali litolewe. Mahali pake paandikwe HII NI PESA, basi. Nafasi ikibaki waongeze NA MWENYE NAYO ANAJUA ALIKOITOA. Hapo Waislamu watatulia, Wamoraviani watatulia, mwenye mbuzi atapata mbuzi, na ya Paskazia itarudi kuwa haramu kama zamani, nami niendelee kuibeba. Kama wanaona gharama ya kuchapa upya ni kubwa, sina neno, waanze na zile zinazokuja Tabora.

Nisalimie mkeo Fakhria na watoto, na askari mnayesimama naye mlangoni, na yule karani mwenye miwani uliyenitajia, umwambie miwani si aibu. Huku wote wanakusalimu. Justus na Flavia wanakusalimu na wanaulizia Haleluya yao. Paskazia anakusalimu, anasema yeye kwenye ugomvi huu hayumo, anataka asali tu. Salmini naye anakusalimu, ila yeye nimemwandikia mimi.

Ni mimi mjomba wako anayefahamika kuanzia Isikizya hadi Ujiji, hata na wale ambao hawajanifahamu,

Humaidi

Nyongeza, chini ya sahihi:

Barua ilipokwisha sikuwa na pesa ya stempu. Nikamwendea Zeyana. Akasema hatoi pesa kwa barua asiyoijua, akakaa akaisoma yote, kidole chini ya mstari, muda wa sufuria ya maharage kuiva. Kwenye sungura alicheka. Kwenye kashata hakucheka. Akaikunja, akanipa pesa ya stempu, akaongeza nyingine juu yake, akasema: "Kanunue na kahawa. Ila hii ni ya halali, usiitilie uongo."

Nikanunua stempu, nikaibandika kwenye bahasha, nikaenda barazani na pesa ya jikoni na kinywa kitupu. Kwa kuwa sikuruhusiwa kitu kingine, nikawasimulia habari hii ya Zeyana na noti na sarafu, kama ilivyokuwa, bila kuongeza hata unyoya wa mbuni. Shaban, walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini ili asijiunguze. Wakasema tangu wanijue sijawahi kuwatungia uongo mtamu kama huo. Salmini mwenyewe akanunua birika la pili ili nirudie pale pa sheikh. Wameniambia kesho niwahi, na Zeyana amesema pesa ya kesho ipo.

Kwa hiyo neno libaki. Mkubwa akija mfungulie upesi, wala usimpe kitu. Barua naituma tu kwa sababu stempu nilikwisha kuilamba.