Kikao cha Kusuluhisha Ubao Mama na Kumbukumbu

Kwa niaba ya Kamati ya Maridhiano, nina heshima ya kuutangazia umma wa Kilosa kwamba mgogoro kati ya ubao mama na kumbukumbu umepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Watakaosema tumeumbuka ni wale wale wasiokosekana penye jambo jema.

Asili yake ni hii. Mzee Mwinshehe, mkulima wa upande wa Kilangali, na Dotto, mfugaji, walikuwa wakigombea njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Kamati ikazuia yote: Mwinshehe asipande, Dotto asipitishe, mpaka tuchore ramani kwa kompyuta yenye nguvu za kutisha. Mvua ilikuwa inanukia na ng'ombe wanalia kiu, lakini haraka haraka haina baraka, na sisi tunapenda baraka.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Melkizedek, akaenda Morogoro akanunua ubao mama, ile sahani ambayo vifaa vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Mimi Katibu, kwa kuwa siku hizi hatushauriani, nikaagiza kumbukumbu kutoka Dar, RAM ndefu zenye taa za rangi. Fundi Lightness wa Magomeni ya hapa hapa Kilosa akaja kuunganisha.

"Shikamooni." Akatazama mara moja, akacheka. "Wazee, hapa mmeyatimba! Hii madabodi inataka DDR5, RAM zenu ni DDR4. Hata ule mwanya wa chini ya RAM haulingani na wa kwenye ubao. Haziingii ng'o!"

"Haziingii kwa leo, au haziingii kimsimamo?" Mwenyekiti akauliza.

"Haziingii mpaka kiama, mzee. Mmoja arudishe chake, basi."

Hiyo ilikuwa kauli ya jazba. Sisi watu wa maridhiano hatumwambii mtu arudishe chake. Tukaitisha kikao. Ubao mama ukawekwa kulia kwa meza, kumbukumbu kushoto, kila upande na chupa yake ya maji. Tukazitaka pande zote zieleze malalamiko. Zikakaa kimya, jambo ambalo Kamati ililipokea kama dalili ya nia njema.

Mjumbe Godfrey akapendekeza kumbukumbu zisuguliwe kwa tupa mpaka zikae. Mwenyekiti akaona busara ziingie nusu, nusu zibaki nje.

"Jamani, mtaviua vyote!" Lightness akashika kichwa.

"Basi arudishe Katibu," Mwenyekiti akasema.

"Arudishe aliyenunua bila kuuliza," nikajibu kwa staha, huku nikipiga meza.

Akaniita king'ang'anizi. Nami nikamwita jina ambalo halitangazwi kwa umma. Akaukumbatia ubao wake, akarudi nyuma hadi ukutani. Mimi nikasimama nikazitia RAM mfukoni mwa koti.

Kelele zikawaleta Mwinshehe na Dotto, waliokuwa wakisubiri barazani tangu asubuhi. Mwinshehe akaketi kwenye kiti cha Mwenyekiti. Dotto akakalia changu.

"Haya, ninyi kaeni kwenye benchi," Mwinshehe akasema. Tukakaa.

"Mheshimiwa, mwenzako kakukosea nini?" Dotto akauliza.

Mwenyekiti akaeleza. Nami nikaeleza. Wakasikiliza mpaka mwisho, wala hakuna aliyetazama simu. Tangu niajiriwe sijawahi kusikilizwa hivyo, na nusura nilie.

"Na mgogoro wenu je?" Mwenyekiti akakumbuka.

"Tumeshaumaliza pale barazani," Dotto akasema. "Ng'ombe watapita kando ya mfereji, mzee anapanda kesho. Tulikuja kuwaaga tu."

"Kwa ramani ipi?"

"Tumechora chini kwa kijiti."

Kisha Mwinshehe akatoa uamuzi. "Mmoja wenu arudishe chake. Mpaka hapo, Mwenyekiti asikanyage ofisini, Katibu asishike kalamu. Si ndivyo mlivyotufanyia sisi?"

Lightness akapiga vigelegele, kinyume cha taratibu za vikao.

Uamuzi huo unatekelezwa. Mwenyekiti yuko pale ng'ambo ya barabara, amekumbatia ubao mama wake. RAM ninazo mimi, na sirudishi. Umma unaombwa uwe mtulivu, na uniwie radhi kwa kulitoa tangazo hili kwa mdomo, hapa kijiwe cha bodaboda. Kalamu anayo Dotto.